Protini Haina Brouillon

Mara ya kwanza nilianguka mtihani nikiwa nimeshaandika majibu yote. Sisemi hivyo ili kujisifu. Nasema kwa uchungu, kwa sababu majibu yale yalikuwa kwenye karatasi ambayo hakuna mtu anayeisahihisha.

Kwetu Zaire mtu aliyeacha shule njiani anaweza kufanya mtihani wa serikali kama autodidacte, yaani aliyejifundisha mwenyewe. Lakini kabla ya huo mtihani mkubwa anawekewa mlango mwembamba: insha ya Kifaransa. Usipopita insha, ule mkubwa utausikia tu redioni, wengine wakitangazwa. Ukumbini unapewa karatasi mbili. Moja ni brouillon, ya kujaribia, ya kukwaruza na kufuta. Ya pili ni safi, ina mhuri, na hiyo ndiyo inayosomwa. Katika shule ya msingi masista walitufundisha kwamba karatasi safi haiguswi mpaka brouillon iwe haina doa, na aliyeigusa mapema alichapwa vidole kwa rula. Fundisho hilo nililishika kuliko katekisimu. Basi siku ya insha niliandika brouillon, nikaifuta, nikaiandika upya, nikabadilisha utangulizi, nikatafuta kitenzi kizuri zaidi, nikakipata, nikagundua kwamba hakipatani na kile cha aya ya mwisho. Kengele ilipolia, brouillon yangu ilifaa kutundikwa ukutani. Karatasi safi ilikuwa na mistari minne.

Msimamizi, mzee aliyevaa abakosti iliyopauka, ile suti isiyovaliwa tai, alizichukua zote mbili, akazitazama, akanirudishia ile nzuri.

“Hii peleka nyumbani,” akasema. “Mama atafungia mandazi.”

Wakati huo nilikuwa nakaa Shari, mtaa wa Bunia, kwa shangazi yangu, dada mkubwa wa baba. Baba alikufa nikiwa mwaka wa nne wa sekondari. Shule ya bweni ikanirudisha kwetu upande wa Mahagi, na kutoka huko shangazi akanileta Bunia. Yeye aliuza makayabo, samaki wa chumvi wanaopanda kutoka Kasenyi, kule ziwani, na nyumba yake ilikuwa na desturi moja iliyokuwa ikinitia wazimu: mtu akibisha hodi, hawezi kuachwa bila wa kukaa naye. Si kumpa kiti tu. Kukaa naye. Shangazi akiwa sokoni, wa kukaa naye nilikuwa mimi. Walikuja wateja, walikuja watu wa ukoo wanaopeleka wagonjwa hospitali, walikuja akina mama wa parokia, na mimi nilikaa nao nimeweka kitabu magotini, nikitabasamu meno yamekazana. Wakiondoka, nilianza ukurasa upya kutoka juu, kwa sababu sikuweza kuendelea katikati. Ndivyo nilivyo. Neno moja likinipita nusu, lazima nirudi mwanzo kabisa, na nikirudi mwanzo, mtu mwingine anabisha hodi.

Kwa mtihani mkubwa nilichagua mkondo wa biokemia kwa ajili ya ukurasa mmoja. Ulikuwa katika kitabu cha zamani nilichoazimwa kwenye chumba cha kusomea cha parokia, jalada lake limeliwa na mchwa. Ulieleza kwamba protini inatengenezwa kama uzi, asidi amino moja baada ya nyingine, na kwamba uzi ukiwa uzi tu haufanyi kazi yoyote. Lazima ujikunje. Sehemu zinazochukia maji zinajificha ndani, zinazoyapenda zinabaki nje, mpaka upatikane umbo ambalo ni la protini hiyo tu. Na umbo hilo, kitabu kilisema, limo tayari katika mpangilio wa uzi wenyewe. Hakuna anayeufundisha. Watu wa maabara walikuwa wameukunjua uzi mmoja kwa dawa, kisha wakaiondoa dawa, na uzi ukajikunja tena ukarudi sawasawa kama ulivyokuwa.

Sijui kama kuna msichana aliyewahi kunifurahisha kama ukurasa ule. Kitu kinachojikamilisha chenyewe, bila mwalimu, bila ada, bila mjomba ofisini. Niliunakili kwa wino mwekundu nikaubandika ukutani juu ya kitanda. Nilipoanguka insha sikuubandua. Nilijiambia kwamba uzi wangu ulikuwa bado unajikunja.

Kisha, wakati wa kiangazi, bati la nyumba likilia kwa joto, padri aliyesimamia chumba cha kusomea akanipa gazeti la sayansi la Kifaransa ambalo lilikuwa jipya zaidi ya kitabu kwa miaka mingi. Nililifungua kwa furaha. Kufikia ukurasa wa pili nilitamani kulirarua.

Gazeti lilieleza habari za inzi wadogo wa matunda waliopashwa joto kupita kawaida yao. Seli zao ziliacha karibu kazi zote zikaanza kutengeneza kwa wingi protini chache za namna ya pekee. Jambo hilohilo likaonekana katika hamira, katika bakteria, katika mtu. Kwa muda mrefu hakuna aliyejua protini hizo ni za nini. Sasa ilikuwa inaanza kujulikana. Joto linaifungua protini iliyokunjwa, zile sehemu zilizojificha ndani zinatoka nje, na sehemu hizo zinanata. Zinashika jirani yoyote aliye karibu, jirani anamshika mwingine, na mwisho ni bonge lisilofaa kitu. Protini za joto zinakuja kukamata pale panaponata, zinapafunika, kisha zinaachia, ili uzi upate nafasi nyingine ya kujikunja vizuri. Mwandishi aliziita kwa neno la Kifaransa la wale mama watu wazima wanaofuatana na wasichana kwenye dansi ili asije mtu akawavuta pembeni.

Hayo ningeyavumilia. Joto ni ajali, na kwenye ajali yeyote anaweza kusaidiwa. Lakini gazeti liliendelea kusema kwamba wasaidizi hao wapo hata katika seli yenye afya, siku zote, na kwamba wanaupokea uzi mpya ungali unatoka pale unapotengenezwa, kabla haujafika mwisho. Na lile jaribio la kitabu changu? Lilikuwa kweli, lakini lilifanywa katika chupa ya maji safi, protini chache zikiwa na nafasi tele. Ndani ya seli kumejaa kama soko. Huko nyuzi nyingi, zikiachwa peke yake, zinashikana na kuharibika.

Nilibandua ule wino mwekundu. Halafu nikaubandika tena, kwa sababu ukuta ulibaki na alama mbaya.

Mtu wa kwanza kunisikia nikilalamika alikuwa rafiki yangu wa masomo, kijana Mwislamu aliyechimba dhahabu Mongbwalu mpaka shimo la jirani yake lilipoporomoka, akaamua heri vitabu. Naye alikuwa autodidacte, na alikuwa anaingoja insha yake ya kwanza. Alisoma akiwa amelala chali, na aliandika kama anavyosema, moja kwa moja, bila kurudi nyuma. Ilinichukiza kumtazama. Mchana huo tulikuwa jikoni nyuma ya nyumba, na shangazi alikuwa anakung’uta chumvi kwenye samaki.

“Prof,” rafiki yangu akasema, “weye unakasirikia protini? Ilikufanya nini?”

“Inasaidiwa.”

“Basi?”

“Kitabu kilisema haisaidiwi.”

“Nani anasaidiwa?” shangazi akauliza bila kuinua kichwa.

Nilijua vizuri kwamba nisingenyamaza. Nikachukua yai, nikalivunja ndani ya sufuria ya maji yaliyokuwa yanachemka, ute ukawa mweupe pale pale. Nikamwambia kwamba ute huo ni protini, joto limezifungua, zimeshikana, na hazirudi tena.

“Yai ya kuku yangu uko navunja juu ya kunionyesha yai inaivaka?” shangazi akasema. “Mutoto, mi nilipika mayai mbele baba yako azaliwe.”

“Shangazi, ngoja. Mwilini kuna protini zingine. Zinakuja kushika ile iliyofunguka, zinaifunika, isishikwe na wenzake.”

“Zinamuficha.”

“Zinaificha kidogo, ndiyo.”

“Watu wasimusumbue.”

“Ndiyo, lakini…”

“Na akifichwa vile ndiyo anakuwa muzuri.”

“Ndiyo, lakini shangazi, lazima pia…”

“Nimesikia,” akasema, akarudi kwenye samaki wake.

Rafiki yangu aliopoa yai kwa kijiko. “Protini imekufa,” akasema. “Siye tuizike.” Akalila lote.

Asubuhi iliyofuata nilikuta shangazi ametoa magunia katika stoo ya samaki, kile chumba cha mbao kilichoegemea nyumba, ambacho hakina dirisha. Aliingiza kiti, akaingiza maji ya kunywa, akaingiza vitabu vyangu. Akaniambia niingie nione kama panafaa. Niliingia. Nikasikia kufuli.

“Shangazi, unafanya nini?”

“Nakuficha. Wageni wakikuya wataona kufuli, watajua hakuna mutu. Soma.”

“Sikusema hivyo jana.”

“Ulisema. Hata yai yangu ilikufa juu ya hiyo.”

Akaenda sokoni. Alikusudia kurudi kabla ya jua kuwa kali, lakini lori la Kasenyi lilichelewa, na mtu anayengoja samaki wake hawezi kuondoka, wenzake watachagua walio wazuri. Mimi nilibaki na chumvi, na harufu, na bati juu ya kichwa likizidi kupata moto. Insha ya pili ilikuwa karibu. Nilijua kwamba nikianguka tena shangazi hatasema neno baya, atanipeleka tu Kasenyi kwa watu wake nikasaidie kupakua mitumbwi, kwa upendo kabisa, na hapo ndipo kitabu kitafungwa. Hofu hiyo nilikuwa nayo kila siku, lakini ndani ya stoo haikuwa na mahali pa kupitia.

Mwanga pekee uliingia kwa chini, kwenye mwanya wa mlango. Kwa hiyo nililala tumbo, nikaweka karatasi sakafuni karibu na mwanya, nikaanza insha ya mazoezi. Utangulizi. Nikaufuta. Utangulizi.

“Hodi,” sauti ya rafiki yangu ikasema.

“Hakuna mtu.”

“Asante, mutu. Mama amekufunga?”

“Amenificha. Kwa ajili ya sayansi.”

Alicheka muda mrefu mpaka nikaona kivuli chake kimeshuka, amekaa chini. Kisha akauliza, akiwa bado anahema:

“Na ile protini inafichaka wengine, yenyewe inaachiaka?”

“Inaachia. Ndicho nilichotaka kumwambia. Isipoachia si msaada, ni gereza. Inashika, inaachia, uzi unajaribu. Ukikosea, inashika tena. Na kuachia ndiko kunakotumia nguvu ya seli.”

“Basi ulifundisha nusu.”

“Hakuniacha nimalize.”

“Weye hata ukiachwa haumalizaka. Uko nafanya nini humo?”

“Naandika insha. Brouillon.”

“Leta nione.”

“Haijaisha.”

“Leta ile imeisha.”

“Hakuna iliyoisha. Ndiyo maana inaitwa brouillon.”

Niliona vidole vinne vikipita chini ya mlango. Kabla sijaelewa vinataka nini, karatasi iliteleza kutoka chini ya kalamu yangu ikaenda nje. Kalamu ikachora mstari sakafuni.

“Rudisha.”

“Niko nasoma.”

“Rudisha. Sentensi ya pili ni mbaya.”

“Ni mubaya kweli. Lakini nimejua unataka kusema nini. Endelea.”

“Siwezi kuendelea bila mwanzo.”

“Mwanzo iko na mi. Haitapotea. Leta ingine.”

Nilimwita mwizi. Nilimwita mchimbaji, na kwa sauti niliyotumia lilikuwa tusi. Alinijibu kwamba Mongbwalu mtu hatoi mchanga wote shimoni ndipo aanze kuosha, anaosha huku anachimba, na kwamba nikimwita mchimbaji tena atakwenda zake na karatasi yangu. Akanisomea maneno yangu ya mwisho. “Umeachia hapa: ‘kwa hiyo kijana’. Kijana nini?” Nikafikiri kijana nini. Nikaandika kwenye karatasi nyingine. Nilipofika katikati, vidole vikarudi.

Tukaendelea hivyo. Nadhani sijawahi kuchukia kitu kama vile vidole. Kila nilipotaka kurudi juu kurekebisha, juu hapakuwapo. Palikuwa nje, kwenye jua, mikononi mwa mtu mwingine. Nilimuuliza kama anasahihisha. Akasema hapana, si insha yake, yeye anashikilia tu. Na kweli nilipoziona baadaye karatasi zile hazikuwa na alama yake hata moja, ila jasho la kidole gumba.

Gazeti lilikuwa na sentensi moja niliyoisoma mara nyingi kwa hasira bila kuielewa. Lilisema wasaidizi hawana habari ya umbo. Hawauambii uzi upinde kulia au kushoto. Kitabu changu cha zamani hakikuwa kimesema uongo: umbo limo ndani ya uzi. Kazi ya msaidizi ni kuzuia tu, kichwa cha uzi kisije kikanata mahali pabaya wakati mkia ungali unatengenezwa. Maana uzi haungoji kuisha ndipo uanze. Hakuna uzi wa kujaribia na uzi safi. Ni huo huo mmoja, unatoka, na sehemu iliyotoka imetoka. Hata hivyo seli haidai kila mmoja uwe mzuri: inayoshindikana kabisa inavunjwavunjwa, asidi amino zake zinatumika tena, na hakuna anayelia. Jambo hili lote nililielewa nikiwa nimelala tumbo kwenye chumvi ya makayabo, na liliniudhi. Ningependa kulielewa mezani, kwa utulivu, siku niliyoipanga mwenyewe.

Shangazi aliporudi alimkuta rafiki yangu amejinyoosha mbele ya mlango.

“Weye uko nalala mbele ya kufuli yangu juu ya nini?”

“Niko namulinda, mama.”

“Kufuli ni yangu. Unalinda nini ingine?”

Alifungua. Nilitoka nimelowa kama mtu aliyevuliwa ziwani, nikamweleza kwa ukali ile sehemu ya kuachia. Alinisikiliza huku akinitazama uso, akaona nilivyoungua, na mkono wake ukaenda wenyewe kwenye ndoo ya maji.

“Haukusema,” akasema.

“Haukuniacha niseme.”

“Basi sema mbio, kama watu wengine.”

Kufuli halikutumika tena. Wageni wakapewa rafiki yangu akae nao, jambo alilolipenda sana kwa sababu alisimuliwa habari zote za mtaa na kula kilicholetwa. Mimi nilikaa chumbani, na kila mara alikuja kunyang’anya ukurasa, mara nyingine mbele ya wageni. Sikuzoea. Mpaka siku ya mtihani inafika, bado niliweza kuandika bila kurudi nyuma pale tu aliponichukulia karatasi.

Na ukumbini kila mtu alikaa na meza yake. Msimamizi alikuwa yule yule wa abakosti. Karatasi mbili, ya brouillon juu, safi chini. Mada ilihusu faida ya kazi za mikono kwa kijana wa mjini. Niliivuta ile safi. Vidole vyangu vilisita, na ninakiri kwamba nilitazama kama kuna sista nyuma yangu. Nikaandika sentensi ya kwanza. Ilikuwa mbaya. Neno moja lilikuwemo mara mbili, na mara ya pili halikuwa na maana ile ile. Joto likanipanda shingoni, mkono ukaenda kwenye brouillon, kusafisha kidogo tu, sentensi moja tu. Nilijua ingekuwa sentensi moja tu mpaka kengele.

Rafiki yangu alikuwa meza za mbele, naona mgongo wake, kichwa kimeinama anaandika kama anayepiga soga. Hakuna aliyekuwa wa kuninyang’anya kitu. Basi nikaichukua brouillon tupu nikaiweka juu ya sentensi yangu, nikaacha wazi maneno ya mwisho tu. Kila nilipoandika mstari niliishusha. Mara nyingi nilishika pembe ya karatasi ile ili nichungulie, na mara moja nilichungulia, nikaona neno lile lile mara mbili, nikaifunika tena haraka kama mtu aliyefungua mlango wa bafu lenye mtu ndani. Nilifuta maneno kwa mstari mmoja, pale pale, kwenye karatasi yenye mhuri. Nilifika mwisho. Sentensi ya mwisho sikuipenda, lakini ilikuwa ya mwisho.

Msimamizi alipopita kukusanya, aliinua brouillon yangu dhidi ya mwanga.

“Na hii?”

“Haina kitu, mzee.”

“Nimeona haina kitu. Ndiyo nauliza.”

Akaondoka nazo zote mbili, akigeuzageuza ile tupu, na mimi nikashawishika kwamba ataniandika kuwa mdanganyifu.

Wakati wa kungoja majibu nilikuwa mtu asiyevumilika, nakubali. Nilikuwa nikisimama katikati ya kula kumsomea shangazi sentensi yangu ya kwanza, kisha namsomea vile ingepaswa kuwa. Yeye hakuwa anajua Kifaransa. Alisikiliza zote mbili akasema anaona zinafanana. Nilimuuliza rafiki yangu aliandika nini, akasema amesahau. Amesahau insha yake. Nilimtazama kwa muda nikitafuta kama anatania, na hakuwa anatania.

Majibu yalibandikwa ukutani nje ya ofisi, karatasi ya namba tu. Namba ya rafiki yangu ilikuwamo karibu na juu. Yangu niliipita, nikairudia, nikaipita tena, mpaka yeye akaiwekea kidole. Nikaitazama chini ya kidole chake. Ilikuwa yangu. Nikatafuta pembeni yake pointi, yaani alama nilizopata. Hapakuwa na pointi. Nikaingia ofisini kumuuliza karani.

“Umepita,” akasema. “Unataka nini ingine?”

“Pointi.”

“Juu ya nini?”

“Nijue nilipita kwa kiasi gani.”

“Mbele ya mulango kulikuwa watu mia, sasa wengi wako nje wako nalia,” akasema, “na weye uliye ndani unataka kujua uliingia na mguu gani.”

Nilikuwa na jibu. Lilikuwa jibu la kueleza kwamba mtu asiyejua alikosea wapi atakosea hapo hapo kwenye mtihani mkubwa, na nilikuwa nimeshalianza, lakini rafiki yangu alinishika mkono wa shati akanitoa mlangoni, kwa sababu kuandikisha majina kwa mtihani mkubwa kulikuwa kunafungwa siku ile ile na foleni ilikuwa imeshafika barabarani. Tulisimama kwenye jua. Watu walisogea, nasi tukasogea. Mpaka leo sijui pointi zangu.